Nahodha aliyeanzia benchi: maneno yangu kwa makocha wa Kigoma

Mgeni rasmi, viongozi wa chama cha soka mkoa na wilaya, makocha wenzangu mliomaliza kozi leo, wazee wangu wa Ujiji ambao mmefika mapema kuliko hata meza kuu, na nyie vijana mliokaa huko nyuma na daluga shingoni, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambao hamjaguswa na salamu hizo mambo vipi. Kigoma oyee!

Nimepewa dakika ishirini na mtu wa ratiba kashaninong'oneza kwamba wali ukishapoa lawama ni zangu, kwa hiyo sizunguki. Mada niliyopewa ni mchezaji kugeuka kocha. Najua wengi mlitegemea nije na Guardiola na Zidane, maana ndo picha zilizojaa kwenye simu zenu, na mimi sina ugomvi nao, lakini leo nataka nimuongelee Mwafrika mwenzetu, Stephen Keshi wa Nigeria, wao walikuwa wanamwita Big Boss. Wenye mvi humu ndani mnamkumbuka akicheza. Vijana mnamkumbuka labda kwa suti na kofia pale pembeni ya uwanja, na wengine hamumjui kabisa, na hilo ndo linaloniuma.

Kuna watu wawili tu waliobeba Kombe la Mataifa ya Afrika wakiwa wachezaji halafu wakalibeba tena wakiwa makocha wakuu. Mmoja ni Mahmoud El-Gohary wa Misri, kama mchezaji 1959, kama kocha 1998. Wa pili ni Keshi, 1994 na 2013. Wawili, bara zima. Na mimi nikiangalia hizo mara mbili za Keshi naona kitu kimoja ambacho sijawahi kukisikia kwenye darasa la ukocha, hata hili tulilomaliza leo na walimu mnisamehe, kwamba kazi ya ukocha huyu bwana hakuisomea akiwa anacheza vizuri, aliisomea akiwa amekalishwa benchi.

Tupite haraka alikotoka. Kazaliwa Januari 1962 huko Azare, jimbo la Bauchi, akasoma Lagos pale St. Finbarr's, shule ambayo kwa mpira Nigeria wanaijua yote. Beki wa kati. Akachezea New Nigerian Bank ya Benin City, na timu ya taifa akaingia bado kijana mdogo. 1984 wakafika fainali ya Afrika pale Abidjan, Cameroon wakawapiga 3-1. 1988 fainali tena, Morocco, Cameroon tena, 1-0. Kwa hiyo mkisikia alibeba kombe 1994 msidhani lilidondoka kama embe, jamaa alilisubiri miaka kumi.

Katikati hapo, 1985, kuna jambo. Keshi na wenzake kadhaa walichelewa kuripoti kambi ya timu ya taifa, shirikisho likawafungia. Sasa mnajua sisi wachezaji tukifungiwa, tunahamia kijiweni, tunaanza kumsema katibu, kumsema mwenyekiti, mwaka unaisha tumbo limeshatoka. Keshi akavuka kwenda Ivory Coast, akacheza Stade d'Abidjan, akacheza Africa Sports, 1986 yuko Ubelgiji na Lokeren, 1987 yuko Anderlecht, akakaa pale mpaka 1991 wakachukua na ubingwa wa nchi, kisha Strasbourg, Ufaransa. Na mlango ule wa Ubelgiji alioingilia hakuufunga nyuma yake, Wanigeria wakaanza kumiminika kule, hata yule Nii Lamptey wa Ghana, kipaji cha ajabu kile, alifika Anderlecht akiwa bado mtoto kwa mkono wa Keshi. Mtu anayeshughulika na riziki ya beki mwenzie atakayekuja kumnyang'anya namba, huyo tayari kuna ukocha ndani yake.

Haya sasa, 1994, Tunisia. Hapa naomba mtulie kidogo na wale wa chai pale mlangoni mnisaidie.

Keshi ana miaka 32, ndo nahodha, ndo mkubwa wa kambi, karibu kizazi chote kile yeye ndo kakishika mkono. Kocha ni Mholanzi, Clemens Westerhof. Na Westerhof anaangalia miguu ya nahodha wake anaona imechoka, mabeki wengine wako tayari, basi anamkalisha. Mashindano yanasogea, nahodha yuko benchi. Wanafika fainali, 10 Aprili, Tunis, na Zambia. Zambia hawa majirani zetu wa ziwa hili hili, mwisho wa njia ya meli ya Liemba kule Mpulungu, na timu yao ilikuwa imefia baharini Gabon mwaka mmoja kabla, Aprili 1993, ndege ikaondoka na wachezaji 18, kwa hiyo hawa waliokuja Tunis walikuwa wamekusanywa upya kabisa na Kalusha Bwalya akiwa mbele yao. Naomba nisiseme uongo mbele ya wazee, huku kwetu mioyo ya wengi ilikuwa Zambia. Litana akafunga mapema, watu wakaruka. Emmanuel Amunike akarudisha, kipindi cha pili akaongeza la pili, 2-1, kwisha. Na huyo Amunike ndo yule yule aliyekuja kuifundisha Taifa Stars yetu tukafuzu Afcon ya 2019 baada ya miaka 39, dunia hii ndogo jamani.

Anayeinua kombe ni nani? Nahodha aliyeanzia benchi.

Miezi miwili mbele wanaenda Kombe la Dunia Marekani, mara ya kwanza kwa Nigeria, na Keshi katika mashindano yote yale kacheza mechi moja, na Ugiriki. Mechi moja. Mtu aliyeibeba timu hiyo zaidi ya miaka kumi.

Sasa wenzangu tusemezane ukweli kuhusu huku kwetu. Mimi nimeona mechi ya ndondo pale Mwanga, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta, kocha kataja kikosi, nahodha hayumo. Yule bwana, na ni mtu mzima ana wajukuu karibu, hakusema neno, akainama akafungua kamba za kiatu cha kulia taratibu, akavua, akafungua cha kushoto, akavua, akaviweka viwili hivyo katikati ya mstari wa kuingilia wachezaji, akaondoka na soksi mpaka barabarani akadandia bodaboda. Na nyuma yake wakaondoka wanne! Wanne, wakiwemo wawili ambao walikuwa wamepangwa kuanza. Timu ikaingia pungufu. Kocha kakosea wapi? Kiufundi hajakosea, yule mzee kasi hana tena, kila mtu anaona. Ila alivyomwambia ndo tatizo, kasikia jina lake halipo wakati mmoja na muuza karanga.

Na siku hizi mmeongeza ubaya mwingine, kikosi mnakitupa kwenye grupu la Wasapu saa nne usiku, mtu kalala na mkewe anaangalia simu anakuta hayumo, hapo unategemea kesho aje acheke na wewe? Timu ya Nigeria 1994 haikupasuka, hatukuona kundi la nahodha na kundi la mzungu. Hilo halitokei lenyewe. Kwanza nahodha mwenyewe awe na kifua, na pili kocha awe amemheshimu.

Keshi alipomaliza mpira mkubwa akaenda Marekani, California, kusomea ukocha. Naomba hili liingie vizuri kwa mastaa wastaafu mliopo humu, na nyie baadhi ni kaka zangu. Mtu kacheza Anderlecht, nahodha wa mabingwa wa Afrika, anaenda kukaa darasani aanze kujifunza kuweka koni. Huku mtu kacheza misimu miwili ligi daraja la kwanza, ukimwambia kuna kozi ya leseni D, ile ya kuanzia ukocha, anakuuliza nani atanifundisha mimi. (Cheka tu bwana, mwenyewe unajijua.) Alikuwa bado anacheza cheza timu ndogo kule Sacramento na akamalizia Malaysia, halafu karudi nyumbani akaanza kama msaidizi kwenye benchi la taifa.

Kazi yake kubwa ya kwanza ni Togo, 2004. Togo! Kundi moja na Senegal waliokuwa wametoka kufika robo fainali ya Kombe la Dunia 2002, pamoja na Zambia, Mali, Congo na Liberia. Oktoba 2005 wanaenda Brazzaville wanawafunga Congo 3-2, wanafuzu Kombe la Dunia mara ya kwanza na mpaka leo hawajarudi. Adebayor peke yake alifunga mabao 11 kwenye safari ile. Halafu Januari wanaenda Afcon Misri, wanapoteza mechi zote tatu, kocha na Adebayor haziivi kabisa, na kibarua kikaota nyasi. Kombe la Dunia Ujerumani akaenda nao Otto Pfister. Mtu kalima, kapalilia, siku ya kuvuna kaambiwa ahsante.

Baadaye akaifundisha Mali, na nako mnaijua mechi moja tu, na inatosha. Luanda, 10 Januari 2010, mechi ya ufunguzi na wenyeji Angola. Dakika ya 78 Angola wanaongoza 4-0, uwanja unacheza ngoma. Ikaisha 4-4. Dakika kama kumi na tano tu hizo, Seydou Keita mawili, Kanouté moja, na la mwisho Yattabaré akalitia muda wa nyongeza. Mimi nawaambia vijana wangu wakitaka kutoka uwanjani tukiwa nyuma, nawauliza Mali walikuwa nyuma ngapi. Basi hata hiyo haikumsaidia, hawakuvuka kundi, kazi ikaisha. Ukocha ndo huo, wanaoingia leo mjue mnaingia wapi.

Mwisho wa 2011 Nigeria wakampa timu. Nigeria ya wakati ule ilikuwa haijafuzu hata Afcon ya 2012. Na huyu bwana akaanza kufanya vitu vya kutisha. Peter Odemwingie akaachwa. Obafemi Martins akaachwa. Taye Taiwo akaachwa. Odemwingie akaenda Twitter akalalamika mbele ya dunia. Badala yao Keshi akaenda kuchota kwenye ligi ya ndani ya Nigeria, ile ligi ambayo Wanigeria wenyewe walikuwa wanaidharau kama tunavyodharau mechi za wilaya hapa, akamtoa Oboabona Sunshine Stars, akamtoa Egwuekwe Warri Wolves, akamtoa kiungo mmoja anaitwa Sunday Mba.

Wakaenda Afrika Kusini Januari 2013. Sare na Burkina Faso, sare na Zambia, wakasubiri penati mbili za Victor Moses kuwamaliza Ethiopia. Kabla ya robo fainali na Ivory Coast ya Drogba na Yaya Touré habari zikazagaa kwamba wakubwa wameshajiandaa kumtimua. Mba akapiga shuti kutoka mbali, likamgonga mtu, likaingia, 2-1. Nusu fainali wakawapiga Mali 4-1, hao hao Mali aliowahi kuwafundisha. Na fainali, 10 Februari, Burkina Faso tena. Dakika ya 40, Moses kapiga, mpira ukamgonga beki ukapanda ukamjia Mba, Mba hakuusubiri utulie, akaunyanyua kwa mguu wa kulia ukapita juu ya beki, naye akampita beki kwa pembeni, na kabla haujagusa nyasi akaupiga na shoto. Kipa akaangalia tu. Moja bila mpaka mwisho. Mchezaji wa ligi ya ndani.

Lakini mimi siku ile sikumuangalia Mba. Nilikuwa namuangalia Joseph Yobo.

Yobo ndo alikuwa nahodha wa Nigeria. Beki wa kati, kama Keshi. Miaka 32, kama Keshi 1994, mnaona jinsi mambo yanavyokaa. Kacheza Everton miaka mingi, jina kubwa kuliko karibu wote pale. Na Keshi kamkalisha benchi, katikati kule nyuma kawaweka Oboabona na Kenneth Omeruo ambaye alikuwa na miaka 19, kitambaa kikawa mkononi kwa kipa Enyeama. Dakika za mwisho kabisa za fainali Yobo anaingizwa, firimbi inapulizwa, na anayeinua kombe ni Yobo. Ukiweka picha ya 1994 na ya 2013 pembeni kwa pembeni ni kama mtu mmoja kazeeka akahamia upande wa pili wa mstari.

Hapo ndo nasema benchi la Tunis lilimfundisha. Keshi alijua kumkalisha nahodha kunauma kiasi gani maana lilimuuma mwenyewe, na alijua pia kwamba inawezekana, mtu hafi, timu haifi, na hakumpokonya kombe lake mikononi. Kocha ambaye hajawahi kukalishwa maisha yake yote, staa tangu utoto, mara nyingi anakosea sehemu mbili, ama anaogopa kumkalisha mkubwa, ama anamkalisha kwa kumdhalilisha. Nimewaona wa aina zote mbili na wengine nimecheza chini yao.

Msinielewe vibaya, Keshi hakuwa malaika. Siku moja baada ya kubeba kombe akatangaza redioni kwamba anajiuzulu, kesho yake akabadilisha. Alikuwa mtu wa ugomvi, na wachezaji, na viongozi, mishahara ilikuwa inacheleweshwa naye hakuwa wa kunyamaza. Na Yobo mwenyewe baada ya kombe lile hakuitwa tena zaidi ya mwaka mmoja, watu wakasema ndo amezikwa.

Halafu 2014 inakaribia Brazil, Keshi anamuita. Anamuita na Odemwingie pia, yule yule wa Twitter! Hapa ndo napenda huyu mtu. Kinyongo kinakaa nyumbani, uwanjani unaenda mpira. Mechi ya kwanza na Iran, Oboabona anaumia mapema, nani anaingia? Yobo. Mechi ya pili na Bosnia wanashinda 1-0, mfungaji Odemwingie. Bao moja tu, kalifunga mtu ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa anamtukana kocha mtandaoni kwa kiasi kile. Wakafungwa na Argentina 3-2, Messi mawili Musa mawili, lakini wakavuka kundi, na Keshi akawa kocha wa kwanza Mwafrika kuivusha timu mpaka hatua ya mtoano ya Kombe la Dunia. Wakakutana na Ufaransa wakatoka 2-0. La kwanza Pogba, la pili likamgonga Yobo mguuni likaingia golini kwake. Mechi yake ya mia moja na timu ya taifa, na ikawa ya mwisho. Mpira hauna adabu kabisa.

Baada ya hapo mabingwa watetezi hawakufuzu Afcon ya 2015, akaondolewa, akarudishwa, akaondolewa tena Julai 2015. Desemba mwaka huo mkewe Kate akafariki. Na yeye mwenyewe akafuata 8 Juni 2016, Benin City, miaka 54. Siku tatu baadaye Shaibu Amodu, kocha mwingine wa taifa lile, naye akafa. Nigeria wakapoteza makocha wawili wiki moja.

Turudi hapa. Msiniambie hayo ni ya Nigeria. Abdallah Kibadeni alifunga matatu siku Simba inaipiga Yanga 6-0, Julai 1977, halafu 1993 akiwa kocha akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Juma Kaseja, mtoto wa hapa hapa Kigoma, kadaka mpaka watu wakachoka kumsubiri astaafu, sasa naye yuko kwenye ukocha. Mkoa huu hauna shida ya kutoa wachezaji. Mashujaa walienda Dar Desemba 2018 wakawatoa Simba kombe la shirikisho, 3-2, hata ligi kuu walikuwa hawajapanda. Fainali ya Simba na Yanga ya Julai 2021 ilichezwa pale uwanja wa Lake Tanganyika, Lwanga wa Simba akafunga, mlikuwepo, wengine mlilala nje kutafuta tiketi. Wachezaji tunao. Makocha wanaotoka kwenye wachezaji hao ndo hatuna wa kutosha, na sababu moja ni kwamba mchezaji wetu akikalishwa benchi anaona maisha yameisha, anavua viatu anapanda bodaboda, wakati ule ndo ulikuwa muda wake wa kukaa karibu na kocha amuulize kwa nini umembadilisha winga, kwa nini umeshusha mstari, kwa nini huyu kila kona anaachwa peke yake.

Kwa hiyo makocha wapya, kesho saa moja asubuhi tuna ile siku ya mazoezi kwa vitendo na timu za Katonga, Gungu na Mwandiga. Kila mtu atapewa vijana 18. Nataka kikosi kiandikwe kwenye karatasi, na mnaanza kuandika wale saba wa benchi kabla ya kumi na moja wa kuanza, pembeni ya kila jina la benchi andika sentensi utakayomwambia, na umwambie yeye mwenyewe uso kwa uso kabla ya kupasha misuli, sio kwenye grupu. Mimi nitakuwa napita nasikiliza. Atakayemwambia mtoto "wewe pumzika kwanza" bila sababu nitamrudisha naye akae benchi.

Haya, wali. Maswali tutaulizana tukila, na yule anayetaka kuniambia Westerhof alimuonea Keshi aje na sahani yake tukae meza moja.